UZI: Kujenga kiwanda kikubwa cha korosho kwenye reli ya mfano (skeli 1:87, njia ya mm 12)

Shangani_12mm

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale ambao meza ya reli tayari ipo, treni inazunguka, na sasa wanataka jengo moja kubwa litakaloipa treni kazi ya kufanya. Kwa kusini mwa Tanzania jengo hilo ni ghala na kiwanda cha korosho. Reli yetu ilijengwa kwa mradi wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940, ikafika Nachingwea, Mtwara na Masasi, kisha ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Viwanda vikubwa vya korosho, vile vya mitambo ya Kiitaliano na Kijapani, vilikuja baadaye, miaka ya 1970 kuendelea. Kwa hiyo vitu hivi viwili havikukutana kwenye historia. Kwenye meza tunavikutanisha: tunachukulia reli ilibaki, na njia ya pembeni ikaingia kiwandani.

Kwanza skeli. Njia ya mita moja (upana kati ya reli mbili) ukiigawa kwa 87 unapata mm 11.5, ndiyo maana tunatumia njia ya mm 12. Mita moja ya kweli ni mm 11.5 mezani. Ishike namba hiyo, ndiyo itakayoamua kila kitu.

Ghala la kweli la mita 150 kwa 40 lingekula meza mita 1.72 kwa sentimita 46. Wengi hatuna nafasi hiyo, na hata ukiwa nayo mkono haufiki nyuma. Punguza, ila usipunguze kila kitu kwa uwiano mmoja. Mlango, dirisha, kimo cha ukuta na nafasi kati ya nguzo hadi nguzo viache kwenye vipimo vyake halisi. Kinachopungua ni idadi ya vyumba vya nguzo (hizo nafasi kati ya nguzo hadi nguzo) na upana wa jengo. Ukipunguza mlango, behewa litaonekana jitu.

Vipimo ninavyopendekeza:

- Nguzo hadi nguzo: mm 57 (karibu mita 5 za kweli)
- Urefu: vyumba 21, yaani mm 1,197
- Upana: mm 300
- Kimo cha ukuta hadi paa linapoanzia: mm 69 (mita 6)
- Mwinuko wa paa: nyuzi 15, kwa hiyo kilele kinapanda mm 40 juu ya ukuta

Usilijenge kama kipande kimoja. Ligawe vipande vitatu vya vyumba saba saba, kila kimoja mm 399. Kila kipande kinabeba fremu nane (nguzo na kenchi pamoja), jumla 24, na pale vipande vinapokutana fremu mbili zinabanwa pamoja kwa bolti za M4 na nati za masikio. Ufa wa nje unafichwa na bomba la maji ya mvua linaloshuka ukutani. Faida ziko mbili: unaweza kulitoa jengo ukitaka kusafisha reli, na joto haliwezi kulipinda. Hili la joto nitalirudia.

Fundi_Mikindani

Mkuu umeanza vizuri. Naongezea upande wa malighafi, maana hapa pwani ndipo watu wanapopotea.

Kadibodi na maboksi msiyatumie kwa jengo la ukubwa huu. Kuanzia Desemba mpaka Aprili unyevu unaingia kwenye karatasi, ukuta wa sentimita 40 unajikunja kama upinde, na mende wanakula gundi ya wanga. MDF (ubao wa unga wa mbao) nayo inavimba kingo. Kwa msingi tumia plaiwudi ya mm 9 au mm 12, ipake rangi ya mafuta pande zote sita, kingo pia, na uiache ikauke kabisa kabla ya kubandika chochote. Miguu ya meza inayogusa sakafu ikaguliwe mchwa mara kwa mara.

Kwa kuta nendeni kwa watengeneza mabango. Wana zile shiti nyeupe za PVC zenye povu ndani, nyepesi, za mm 3 na mm 5. Mabaki yao ya sentimita 50 yanatosha kabisa, kwa sababu kipande chetu kirefu ni mm 399. Kuta tumia mm 3, fremu tumia mm 5.

Kukata: rula ya chuma, kisu chenye wembe mpya, na upitishe mara nne au tano kwa mkono mwepesi. Ukitaka kukata kwa mkandamizo mmoja, wembe unalala na ukingo unatoka mshazari, halafu kona haifungi. Madirisha yatobolewe shiti ikiwa bado imelala mezani, kabla ya kuunganisha.

Gundi: supa glu inashika PVC hii vizuri sana. Gundi ya mabomba ya PVC nayo inashika, ila inayeyusha povu, kwa hiyo pakeni filamu nyembamba tu upande wa ndani. Ikizidi, baada ya siku chache ukuta unabonyea nje palepale gundi ilipo.

Mtama_Junction

Swali kwa @Shangani_12mm. Mbona PVC na joto? Meza yangu iko chumba chenye bati juu, hakuna dari.

Shangani_12mm

@Mtama_Junction ndiyo nilitaka kufika hapo. Shiti hii inatanuka karibu mm 0.065 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Chumba kikitoka nyuzi 23 alfajiri hadi 38 mchana, jengo zima la mita 1.2 linarefuka zaidi kidogo ya milimita moja. Ukiwa umeligandisha pande zote mbili kwenye plaiwudi, hiyo milimita haina pa kwenda isipokuwa kuupinda ukuta. Ukiligawa vipande vitatu, kila kimoja kinarefuka chini ya nusu milimita. Kwa hiyo ganda kipande cha katikati tu, hivi viwili vya pembeni vikae juu ya pini za msumari zilizoingia kwenye matundu marefu kidogo, vipate kuteleza.

Kwa chumba kisicho na dari weka dari kwanza, hata ya shiti nyepesi. PVC inaanza kulegea ikikaribia nyuzi 60 na kitu. Kwa sababu hiyohiyo usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, na usikaushe rangi yake juu ya bati.

Ndanda_Karakana

Naomba kutofautiana na mpangilio wa kazi. Watu wengi wanaanza na kuta, wanazipamba mpaka basi, paa linawekwa mwishoni kwa haraka. Kwenye meza tunaangalia kutoka juu. Paa ndilo linaloonekana, ukuta unauona ukiinama. Nusu ya juhudi iende kwenye paa.

Bati la mgongo la kawaida lina umbali wa mm 76 kutoka wimbi hadi wimbi. Kwa 1:87 hiyo ni mm 0.87. Sasa nendeni duka la vifaa vya ujenzi mkanunue ile fimbo ya chuma isiyo na kichwa, iliyochongwa uzi mwanzo mwisho. Ya M5 ina uzi wa mm 0.8, ya M6 ina mm 1. Ya M5 iko karibu zaidi. Kata sentimita 25, safisha mafuta kwa petroli kidogo na brashi ya meno.

Malighafi ya bati ni vile vyombo vya foili vya kubebea chakula. Foili ya jikoni ni nyembamba mno, inachanika. Kopo la soda ni gumu, linarudi lilivyokuwa. Chombo cha chakula kiko katikati.

Hatua zenyewe:

1. Kata sehemu bapa ya chombo, ilaze juu ya mpira wa tyubu ya baiskeli uliotandazwa kwenye ubao.
2. Weka fimbo juu yake, ikandamize kwa viganja viwili na uiviringishe mbele mara moja tu. Usirudi nyuma. Ukirudi mistari inakuwa miwili miwili.
3. Sasa ndipo ukate bati. Si kabla. Uzi wa M5 unasogea mm 0.8 kwa kila mzunguko wa kama mm 15, kwa hiyo mistari inatoka na mshazari wa nyuzi tatu hivi. Kwenye bati la urefu wa mm 34 huo ni upotofu wa karibu mm 2, na jicho linauona mara moja. Ukikata kwa kufuata mistari yenyewe, upotofu unapotea.

Bati la mita 3 ni mm 34.5, na upana unaofunika baada ya kulaliana ni kama mm 8.7. Mlalo wa juu kwa chini uwe mm 2.

BintiLigula

Hesabu kidogo wakuu. Upande mmoja wa paa ni mm 155 za mteremko, ukiongeza mm 7 za kutokeza nje ya ukuta unapata 162. Hiyo ni safu tano za bati. Urefu wa mm 1,197 gawa kwa 8.7, ni bati 138 kwa safu. Mara tano, mara pande mbili: karibu bati 1,400. Nani atabandika hizo moja moja?

Ndanda_Karakana

@BintiLigula hesabu yako ni sahihi dada, na jibu ni kwamba hatubandiki zote moja moja. Upande wa paa unaomtazama mtazamaji, kwenye kipande kile cha karibu na mlango wa kupakilia, ndiko unabandika bati moja moja. Ni safu tano mara bati 46, yaani 230. Huko kwingine kote tumia mikanda mirefu ya mm 34.5 kwa sentimita 20, halafu kila mm 8.7 pitisha ncha butu ya sindano kando ya mfereji mmoja kuonyesha kingo ya bati. Jicho likishaona bati halisi mahali pamoja, linaamini na kwingine.

Anzeni chini kwenda juu, kama fundi wa nyumba ya kweli. Mlalo ukiwa kinyume, anayejua ujenzi ataona maji yanaingia ndani. Mwisho kofia ya kilele: mkanda wa foili usio na mawimbi, upana mm 7, umekunjwa katikati.

Gundi ya bati: ile ya viatu, iliyopunguzwa, pakeni kwenye paa la PVC peke yake na msubiri ikauke kiasi cha kunata. Supa glu kwenye foili ina tabia ya kuacha ukungu mweupe.

Nachi_Reli

Onyo moja la haraka kwa kazi ya foili. Vipande vyake vidogo vikidondoka kati ya reli mbili ni shoti. Kazi ya paa ifanyike mezani kwingine, jengo likiwa limetolewa.

Fundi_Mikindani

Hapo kwenye paa bila kenchi mnajidanganya. Milango ikiwa wazi mtu anachungulia ndani anaona ombwe. Zile fremu 24 zichongwe kwa umbo la nguzo na kenchi pamoja, kipande kimoja. Tengeneza fremu moja safi, hakiki kwa guni, itumie kama kielelezo cha zote. Usichore kila moja upya na usitumie fremu ya pili kuchora ya tatu, makosa yanajumlishana na kilele kinakuwa na mawimbi. Papi ni vijiti vya mm 1.5 vilivyolala juu ya fremu, vitano kila upande, kimoja kwa kila safu ya bati.

Kuta: tofali la saruji la kawaida lina urefu wa mm 450 na kimo cha mm 230, ukijumlisha na mchanga wa kiungo linakuwa kama mm 5.3 kwa 2.7 mezani. Chora mistari kwa kalamu ya wino iliyoisha, PVC inabonyea vizuri. Ila msichore ukuta mzima. Viwanda vya aina hii vingi vimepigwa lipu. Onyesha tofali pale tu lipu ilipobanduka, chini karibu na msingi na chini ya bomba la maji lililovuja. Kwengine paka rangi ya maji iliyochanganywa na poda ya watoto, sehemu nne za rangi kwa moja ya poda, ipigwe kwa sponji.

Mtama_Junction

Na kiwanda chenyewe? Mpaka sasa tumejenga ghala tu.

Shangani_12mm

Sahihi kabisa @Mtama_Junction. Ukijua kazi inavyokwenda, majengo yanajipanga yenyewe.

Korosho ghafi inaingia kwa magunia, inaanikwa kwenye uwanja wa saruji, inahifadhiwa ghalani, inapangwa kwa ukubwa, inapikwa, inabanguliwa, inakaushwa kwenye oveni, inamenywa ngozi, inapangwa madaraja na kufungashwa. Kwenye mitambo ya Kiitaliano upishi ulikuwa kupitisha korosho kwenye mafuta ya maganda yake yenyewe, yaliyochemshwa kufikia nyuzi 190 hadi 200. Kwa hiyo unahitaji vitu vitatu nje ya ghala:

Jengo la kupikia, lililo refu kwenda juu kuliko ghala lakini dogo kwa eneo, mm 150 kwa 120, kimo mm 130, lenye tundu la kutolea moshi kileleni. Liwe mbali na jengo la kufungashia, maana moshi wa mafuta hayo unaunguza ngozi na koo, na hakuna anayetaka ugusane na korosho safi.

Tanki la mafuta ya maganda. Bomba la PVC la kipenyo cha mm 63 ni tanki la mita 5.5. Kata kimo cha mm 70, funika kwa duara la PVC ya mm 3, zungushia ngazi. Hapa mchoro wa rangi ni muhimu: mafuta haya ni ya kahawia iliyokolea kuelekea weusi, na yanapomwagika hayatoki. Weka doa linaloshuka kutoka kwenye koki hadi ardhini.

Bomba la moshi la tanuri linalochoma maganda. Bomba la nyaya za umeme la mm 20 ni kipenyo cha mita 1.74, safi kabisa. Kimo mm 230, yaani mita 20. Lisimamishe kwa timazi na ulifunge kwa waya tatu. Bomba lililoinama digrii mbili linaharibu jengo zima.

Uwanja wa kuanikia ni sehemu rahisi na ndiyo inayotambulisha kwamba hapa ni korosho. PVC ya mm 3, igawe kwa mistari ya kila mm 35 (mapande ya mita 3), paka kijivu. Korosho moja ya kweli ni chini ya nusu milimita kwenye skeli hii, hivyo mchanga laini uliopakwa kijivu-kahawia unatosha.

Magunia: gunia lililojaa ni kama mm 10 kwa 6 kwa 3.5. Finyanga kwa udongo wa epoksi, bonyeza kitambaa cha chandarua juu yake ukiwa bado laini kupata alama ya ufumaji. Ghalani magunia hayakai sakafuni, yako juu ya chaga, na hayagusi ukuta. Acha nafasi ya mm 6 kutoka ukutani kuzunguka lundo lote.

Nachi_Reli

Niongelee njia ya reli yenyewe, maana jengo zuri ambalo treni inaligonga ni hasara.

Jukwaa la kupakilia: pima kwanza sakafu ya behewa lako, kisha jukwaa liwe sawa nayo au chini kwa mm 1. Kwa mabehewa mengi ya njia hii ni kama mm 12 juu ya kichwa cha reli. Ukingo wa jukwaa uwe mm 20 kutoka katikati ya njia, ikiwa njia imenyooka. Behewa la upana wa mita 3 linakula mm 17.2 kila upande, unabaki na nafasi ya mm 2.8.

Kwenye kona hesabu inabadilika. Tumbo la behewa linaingia ndani ya kona kwa kiasi hiki: umbali kati ya vitovu vya boji (fremu za magurudumu chini ya behewa), uuzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Boji zikiwa mm 100 mbali na kona ya mm 450: 10,000 gawa kwa 3,600, ni mm 2.8. Nafasi yako yote imeisha. Kwa hiyo jukwaa likae kwenye mnyoofu, na mnyoofu uanze angalau urefu wa behewa moja kabla ya jukwaa. Mlango wa treni kuingia ndani uwe na kimo cha mm 50 juu ya reli.

Njia ikipita kwenye saruji ya uwanja, jazia kati ya reli lakini ujazo ubaki chini ya kichwa cha reli kwa nusu milimita. Ukiwa sawa au juu zaidi, magurudumu yananyanyuka na injini inakosa umeme. Mfereji wa ndani wa kupitisha ukingo wa gurudumu usafishwe kwa kusukuma behewa zito mara kadhaa kabla ujazo haujakauka kabisa.

Na swichi ya kuingilia njia ya pembeni (reli zinazohama kubadili njia) usiiweke ndani ya jengo. Ikikorofisha hutaifikia.

BintiLigula

Rangi na uchakavu, hapa naomba nafasi.

Foili ioshwe kwa sabuni, ifutwe kwa siki, ikauke, kisha praima ya kijivu ya magari, kanzu mbili nyembamba. Msipulize rangi siku ya mvua au jioni yenye umande: inatoka na utando mweupe. Asubuhi kuanzia saa nne, upepo ukiwa mdogo, ndiyo saa nzuri.

Kutu ya pwani ina mpangilio. Inaanza kwenye milalo ya bati na kwenye vichwa vya misumari, kisha inashuka na maji. Haianzi katikati ya bati. Kwa hiyo pakeni brashi ndogo kwenye mistari ya mlalo kwanza, mvute chini. Bati chache zibadilishwe rangi kabisa, mbili mpya zinazong'aa katikati ya zilizozeeka, kama kiwanda kinachokarabatiwa. Upande unaotazama bahari uchakae zaidi.

Poda ya kutu mnaitengeneza: chuma cha sufuria (ile steelwool) ndani ya siki na maji, kiache kioze, chuja, kausha, saga. Ila hiyo poda ina chuma, na sumaku ya moti ya injini inaivuta. Baada ya kupaka, lazima ifungwe kwa vanishi isiyong'aa. Hivyohivyo kwa udongo wa mezani: pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko juu yake mara kadhaa kabla ya kuumwaga.

Na udongo usikosee mahali. Kiwanda cha Mtwara mjini au Lindi kinakaa kwenye mchanga mweupe-kijivu. Udongo mwekundu ni wa Newala na uwanda wa juu wa Makonde. Mchanga wa ufukweni uoshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara tatu, la sivyo chumvi inavuta unyevu na reli zinaota kijani.

Mtama_Junction

Taa za ndani je?

Fundi_Mikindani

Mkanda wa LED wa volti 12, rangi ya njano, uulishe volti 9 tu. Kwa volti kamili ghala linawaka kama ukumbi wa harusi. Ulishe kwa chanzo chake, usiuunganishe na umeme wa reli. Mita 1.2 ya mkanda wa kawaida wa taa 60 kwa mita inakula karibu nusu ampea ukiwa volti 12, kwa hiyo chaja ya ampea 1 inatosha.

Kabla ya kufunga paa, kuta za ndani zipakwe nyeusi, kisha nyeupe juu yake. PVC ya mm 3 inapitisha mwanga, usiku ukuta wote utang'aa.

Kila kipande cha jengo kiwe na soketi yake ya nyaya. Msiunge kwa kulehemu moja kwa moja kutoka kipande hadi kipande, mtashindwa kukitoa.

Shangani_12mm

Naongezea kwa @Mtama_Junction: paa la kipande cha katikati lisigandishwe. Liache likae kwa uzito wake juu ya fremu, na uweke vijipande vya PVC chini yake vinavyoingia kati ya fremu mbili ili lisiteleze. Huko ndiko utaingiza mkono taa ikiungua au behewa likianguka ndani. Mtu mwenye picha za kenchi za maghala ya Mtama au Masasi azitupie hapa, tupange umbo la fremu kabla ya watu kuanza kukata.